Joseph von Fraunhofer, Fundi wa Kioo (1787–1826)

Joseph von Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 mjini Straubing, Bavaria, ambayo leo ni jimbo la kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa vioo, naye Joseph alikuwa mtoto wa kumi na moja. Alipofika umri wa miaka 11 alikuwa amekwisha kufiwa na wazazi wote wawili. Akapelekwa Munich kujifunza kazi kwa fundi wa vioo vya kujitazama, kwa mkataba wa miaka sita. Fundi huyo hakupenda kumwona na kitabu, wala hakumruhusu kuhudhuria masomo ya Jumapili.

Tarehe 21 Julai 1801 nyumba waliyoishi iliporomoka. Mke wa fundi alifariki. Joseph, kijana wa miaka 14, alifukuliwa kutoka chini ya kifusi akiwa hai, na mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, alikuwapo. Mtawala alimpa sarafu 18 za dhahabu. Kijana yatima angeweza kuzimaliza kwa chakula na nguo, lakini yeye alinunua mashine ya kusugulia vioo, na sehemu nyingine akaitumia kujikomboa katika miezi ya mwisho ya mkataba. Mfanyabiashara Joseph von Utzschneider alimpatia vitabu vya hisabati na vya elimu ya mwanga, na mwaka 1806 akamwajiri katika kiwanda chake cha lenzi na darubini.

Vitabu vingi humtaja kwa mistari myeusi zaidi ya 500 aliyoiona mwaka 1814 ndani ya rangi za mwanga wa jua. Mimi naona mambo mawili mengine yanastahili nafasi zaidi, ingawa hayatajwi sana.

Mwaka 1817 aligundua kwamba kioo kilicholiwa na asidi kilirudisha mwanga kidogo kuliko kioo kipya. Fundi mwingine angekitupa kama kilichoharibika. Leo tunajua sababu: asidi huacha juu ya kioo tabaka jembamba lenye vitundu vidogo mno, na mwanga hupita hapo hatua kwa hatua badala ya kugonga uso mmoja na kurudi. Baadaye, kwa ncha ya almasi, alichora juu ya kioo mistari iliyokaribiana sana, nayo ikatawanya mwanga kwenda pembeni.

Sasa, mtahiniwa, toka nje saa sita mchana, uwe Laela, Matai au Sumbawanga mjini. Bati jipya linaumiza macho, lakini paneli ya sola iliyo juu yake ni nyeusi. Mwanga ulioingia ndani ya paneli haukurudi. Silikoni tupu iliyosuguliwa hurudisha zaidi ya asilimia 30 ya mwanga, na mwanga huo hautoi umeme wowote. Seli za utando mwembamba zina shida ya pili: unene wake mara nyingi haufiki hata mikromita chache, hivyo sehemu ya mwanga hupenya na kutoka kabla ya kufyonzwa. Watafiti hutengeneza juu yake au chini yake vinundu na mifereji ya ukubwa wa nanomita mia kadhaa (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Vinundu vya juu hupunguza mwanga unaorudi, kama kioo cha asidi. Mifereji ya chini hugeuza mwanga upite mshazari, safari yake ndani ya utando iwe ndefu, kama mistari ya almasi.

Fraunhofer hakutengeneza paneli yoyote. Alifariki kwa kifua kikuu mjini Munich tarehe 7 Juni 1826, akiwa na miaka 39. Taasisi ya utafiti wa umeme wa jua iliyoanzishwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1981 inabeba jina lake.