SAMAKI LIKANKOA, MCHONGAJI WA MASHETANI

Wasomaji wetu, hata wale wasiopata kufika Dar es Salaam, bila shaka wamekwisha kuona kinyago cheusi cha mpingo chenye jicho moja kubwa, au mdomo uliopinda hata sikioni, au mguu ulioota mahali pa mkono. Vinyago vya namna hiyo huitwa mashetani. Watu wengi hudhani kuwa ni vya kale sana, vilivyorithiwa toka kwa mababu wa Wamakonde. Sivyo. Umri wake ni mdogo kuliko wa babu zetu wengi, na jina la mtu anayetajwa kuwa alivianzisha lajulikana. Ni marehemu Samaki Likankoa.

Mimi nilimfikia mtu huyu kwa njia ya udongo. Hapa Kisesa, siku za Jumamosi baada ya kufua nguo, sisi wavulana wachache wa bweni hufinyanga sanamu ndogo zenye urefu wa kidole. Tunafinyanga mashujaa, wachawi, majitu na mazimwi, kisha tunazipanga juu ya meza na kuzipiganisha kwa kurusha dadu. Udongo wa kichuguu hushikana vizuri, lakini ukikauka huvunjika upesi. Muhula uliopita zimwi langu lilikatika mkono siku moja kabla ya pambano, nami nikalitupa jalalani. Mwalimu mmoja aliyeniona akaniuliza kama nazijua habari za Samaki. Sikuzijua, nikaona haya, ndipo nikaanza kuzitafuta.

Samaki alikuwa Mmakonde wa Msumbiji. Kabila hilo limekaa pande zote mbili za mto Ruvuma, wengine kwetu katika nyanda za juu za Newala, wengine ng'ambo katika nyanda za Mueda. Tangu zamani wanaume wa Kimakonde walichonga vinyago vya kuvaa kichwani, viitwavyo mapiko, kwa ajili ya ngoma za jando. Kazi hiyo ilifanywa kwa siri, wanawake wasiione. Walichonga pia vifuniko vya vikopo vidogo vya kutilia tumbaku au dawa, na kifuniko kingine kilikuwa na kichwa cha mtu kisichozidi ukubwa wa ndimu. Kwa hiyo mikono yao ilikuwa imezoea kazi ndogo yenye mambo mengi kabla mgeni yeyote hajaja kununua. (Sisi wa huku Usukumani tusijione maskini. Anayetaka kuona ufundi wa wazee wetu na aende makumbusho ya Bujora, ambayo ni mwendo mfupi tu kutoka hapa Kisesa.)

Utawala wa Wareno ulikuwa mgumu, wenye kodi na kazi za kulazimishwa. Wamakonde wengi wakavuka Ruvuma kuja Tanganyika kutafuta riziki, na wengi wao walikata mkonge mashambani. Wale waliojua kuchonga walisogea mijini, kwa kuwa Wazungu walipenda kununua sanamu. Samaki naye alikuja, na katika miaka ya 1950 alikuwa akichonga kwa ajili ya mfanyabiashara Mhindi wa Dar es Salaam aliyeitwa Mohamed Peera, mtu aliyenunua kazi za Wamakonde wengi na kuwatia moyo.

Vinyago vya siku hizo vilikuwa vya watu wa kawaida, kama mwanamke mwenye mtungi kichwani au mzee avutaye kiko. Vilitengenezwa kwa ustadi, lakini vilifanana. Mchongaji alichonga kile ambacho mnunuzi alikwisha kukizoea, kwa sababu chakula cha jioni kilitegemea kuuzwa kwa kinyago cha mchana.

Sasa nafikia jambo lenyewe. Ilikuwa karibu na mwaka 1959. Kisa hiki husimuliwa kwa njia zaidi ya moja, lakini kiini chake ni kwamba Samaki alikuwa na sanamu ya mtu, nayo ikavunjika mkono. Yafaa msomaji afikiri maana yake. Mpingo si udongo. Mti huo hukua polepole mno, hata kufikia miaka sabini au zaidi kabla ya kukomaa. Mbao yake ni nzito hata huzama majini, nao ugumu wake hulevya makali ya tezo. Siku nyingi za jasho zilikuwa zimeharibika. Mkono wa mpingo haugandishwi ukapona, na hakuna mgeni atakayelipa fedha kwa mtu aliye nusu.

Samaki hakuitupa sanamu ile. Aliitazama upya, akaona kwamba ingawa haifai tena kuwa mtu, yaweza kuwa kitu kingine. Katika masimulizi ya kwao kuna kiumbe wa porini aitwaye nnandenga, asiyelazimika kuwa na viungo kama vyetu. Akachukua zana zake akaigeuza sanamu iwe nnandenga, kisha akampelekea Peera. Hapo angeweza kufukuzwa. Lakini Peera aliipenda, akamtaka alete nyingine za namna hiyo.

Tangu siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Samaki akaendelea, na wachongaji wenzake wakamfuata, kila mmoja akitoa shetani wake. Mmoja alikuwa na pembe, mwingine alimeza mkia wake mwenyewe, na wengine wawili walishikana hata hujui wa kwanza anaishia wapi. Gogo lililopinda, ambalo zamani lilikuwa hasara, likawa ndilo linalotafutwa. Upande mwingine Roberto Yakobo Sangwani alijulikana kwa vinyago vya watu wengi waliopandana kama mnara, ambavyo baadaye viliitwa ujamaa. Katika maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka, mwaka 1970, Tanzania ilipeleka vinyago vya Kimakonde Japani, navyo vikapata wapenzi wengi.

Wako wataalamu waliozidharau kazi hizi, wakisema ni sanaa ya kuuzia wageni tu. Mimi sikubaliani nao. Ni kweli Samaki alikuwa akitafuta fedha, lakini mnunuzi hakumwagiza nnandenga; hakuna aliyekuwa amepata kumwona nnandenga wa mpingo hata amwagize. Aliyechonga kwa kuwafuata wageni ni yule wa mwanamke na mtungi.

Jambo linalonisikitisha ni jingine. Mashetani yameuzwa kwa maelfu, toka Mwenge mpaka Ulaya, na mengi hayana jina la aliyeyachonga. Mnunuzi huambiwa ni kazi ya Wamakonde, basi imetosha, kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja. Vitabu vya Wazungu vinamtaja Samaki, lakini nilipowauliza wenzangu thelathini na wanane wa darasa langu, hakuna hata mmoja aliyepata kulisikia jina lake. Ndiyo sababu nimeliandika kwa herufi kubwa hapo juu.

Zimwi langu sikulipata tena jalalani, kwa kuwa mvua ilikuwa imelirudisha udongo.