Kiichiro Toyoda, Aliyelitafutia Gari la Japani Jina

Mjini Garissa, tangu mtaa wa Waberi hata soko la mifugo, bidhaa huulizwa kwao kabla ya kuulizwa bei. Ng'ombe akifikishwa mnadani mnunuzi hutaka kujua ametoka wapi, kwani wa Borana ana sifa yake na wa kwingineko ana yake. Gari nalo ni vivyo hivyo. Mwenye safari ya kaskazini, penye mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, hatazami rangi kwanza. Huuliza ni gari la wapi, na akiambiwa ni Land Cruiser ya Japani, moyo wake hutulia.

Lakini jina hilo halikuwa na utulivu huo tangu mwanzo. Mtu aliyeanzisha kiwanda cha Toyota, hayati Kiichiro Toyoda, aliishi na kufa katika zama ambazo kulitaja gari kuwa ni la Japani kulikuwa ni kulitia dosari.

Sisi watu wa pwani jambo hili la kwao kwa bidhaa si geni kwetu. Katika karne ya 19 nguo nyeupe iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ilipendwa hata ikaitwa kwa nchi yake: merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 na nguo hiyo ikaadimika, wafumaji wa Uingereza na Bombay waliziba pengo, lakini jina la merikani likabaki. Kisha, katika miaka ya 1930, zikaja nguo za Japani. Zilijaa madukani kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo, na kwa sababu hiyo hiyo watu walizinunua huku wakizidharau.

Na ni katika nguo ndipo asili ya Kiichiro ilipo. Alizaliwa tarehe 11 Juni, 1894. Baba yake, Sakichi Toyoda, alikuwa mwana wa seremala wa kijijini aliyetumia umri wake kuvumbua mashine za kufumia. Kiichiro alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akahitimu mwaka 1920, kisha akamsaidia baba yake kuunda mashine ya mwaka 1924 ambayo uzi ukikatika husimama yenyewe, isiendelee kufuma nguo mbovu. Mashine hiyo ilisifika hata Platt Brothers wa Oldham, Uingereza, mabingwa wa mashine za nguo duniani, wakatia saini mkataba mwaka 1929 wa kununua haki ya kuitengeneza kwa pauni 100,000. Hapo mwanafunzi alikuwa amemuuzia mwalimu. Mwaka uliofuata Sakichi akafariki, na yasimuliwa kwamba alimuusia mwanawe afanye katika magari kile ambacho yeye alikifanya katika nguo.

Wosia huo ulikuwa mzito. Ford alikuwa amefungua kiwanda cha kuunganisha magari Yokohama mwaka 1925, na General Motors wakafungua chao Osaka mwaka 1927. Mjapani mwenye fedha alinunua gari la Kimarekani, na hata asiye nazo alilitamani hilo hilo. Kwa hiyo aliyekuwa wa kwanza kulitilia shaka gari la Japani ni Mjapani mwenyewe.

Kiichiro hakuanza kwa maneno. Mwaka 1933 alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mashine za kufumia mjini Kariya. Akanunua magari ya Kimarekani, akayafungua msumari kwa msumari, akajifunza. Gari lake la kwanza la majaribio, la mwaka 1935, lilikuwa na injini iliyofuata ile ya Chevrolet, na alihakikisha kwamba baadhi ya vipuri vya Kimarekani vingeliingia humo. Alijua kwamba mnunuzi huogopa gari lisilo na vipuri kuliko anavyoogopa bei.

Mwaka huo huo likaja lori la kwanza. Lilipokuwa likipelekwa Tokyo kuonyeshwa kwa watu, usukani ulivunjika njiani. Baada ya kuuzwa, malori hayo yaliharibika mara kwa mara. Mtu mwingine angelificha, au angelimlaumu dereva. Kiichiro aliyauza kwanza karibu na kiwanda ili mafundi wayafikie upesi, wakayatengeneza bila ya malipo, na kila lililovunjika likapelekwa kiwandani kuwa somo. Bei nayo ikawekwa chini ya ile ya Wamarekani. Fauka ya hayo, serikali ilitunga sheria mwaka 1936 ya kuwalinda watengenezaji wa nyumbani, na Ford na General Motors wakabanwa. Haki isemwe: ustahamilivu ulikuwa wake, lakini mlango ulifungwa na serikali.

Jina pia lilitafutwa. Mwaka 1936 yalifanyika mashindano, yakaja mapendekezo kama 27,000. Toyoda ikawa Toyota, kwa kuwa lilitamkika vyema na kwa kuwa maandishi yake ya Kijapani huandikwa kwa mikwaruzo minane ya kalamu, nambari ambayo Wajapani huihesabu kuwa ya heri. Kampuni yenyewe ilisajiliwa mwaka 1937.

Baada ya vita na kushindwa kwa Japani mwaka 1945, deni liliielemea kampuni. Benki zilikubali kuiokoa kwa sharti la kupunguza wafanyakazi, jambo ambalo Kiichiro aliahidi kwamba hatalifanya. Mgomo ukazuka. Mwezi Juni, 1950, watu walipoachishwa kazi, naye alijiuzulu, akaondoka pamoja nao. Wiki chache hazikupita, vita vya Korea vikaanza na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa wingi. Kampuni ikafufuka bila yake. Mwaka 1952 aliombwa arudi, akakubali, lakini tarehe 27 Machi mauti yakamtangulia. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Gari lililotukuzwa Garissa yeye hakuliona likipata jina. Mfano wake wa kwanza ulipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita mwaka 1951. Mwaka 1954 likaitwa Land Cruiser, jina la Kiingereza lililochaguliwa makusudi lisipungue heshima mbele ya Land Rover. Tazama basi: gari zuri, na bado liliazima vazi la Mwingereza. Hata Toyota iliyopelekwa Marekani mwaka 1957 ilishindwa na barabara kuu za huko.

Kwetu, Land Rover ndiyo iliyokuwa gari la serikali kaskazini, tangu siku za wakoloni. Mjapani alipenya polepole. Mwaka 1970 Datsun ikawa gari la kwanza la Kijapani kushinda mashindano ya Safari Rally, na mwaka 1984 Toyota nayo ikashinda. Kwenye tope la Kenya, mbele ya macho ya watu, dharau ya zamani ilifutika. Leo muuzaji wa magari yaliyotumika hapo Mombasa hutangaza kwamba gari limetoka Japani moja kwa moja, na neno hilo peke yake hupandisha bei.

Ila kuna jambo moja la kufikiria. Pikapu nyingi za Land Cruiser zinazokata mchanga wa Garissa ziliunganishwa kwa mikono ya watu wetu, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa. Mwenye gari halitaji hilo, na muuzaji naye hulinyamazia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini maisha ya Kiichiro yaonyesha kwamba hata kizuri huchukua umri wa mtu kabla ya kuaminiwa. Jina la nchi yake lilijengwa na fundi aliyekwenda kulifuata lori lilikovunjikia. Siku mnunuzi wa Garissa atakapouliza gari ni la wapi, akaambiwa la Mombasa, na moyo wake ukatulia, tutajua kwamba na sisi tumepata fundi wa namna hiyo.