Dorothy L. Sayers: Binti wa mchungaji aliyefichua siri za wauaji, akafa na siri ya mwanawe

Kwa wapenzi wa riwaya za upelelezi, jina la Dorothy L. Sayers linakaa meza moja na la Agatha Christie. Kwa Wakristo wengi wa Uingereza, huyu ndiye mwanamke aliyemfanya Yesu azungumze redioni kwa lugha ya kila siku, nchi ikawaka kwa ubishi. Kwa kijana mmoja aliyeitwa John Anthony, alikuwa ndugu tu wa mbali aliyemlipia ada ya shule.

Kumbe alikuwa mama yake mzazi.

Haya ni maisha ya mwandishi aliyeonyesha kwamba mtu wa imani anaweza kuandika habari za sumu, maiti na kitanzi bila kuidhalilisha imani yake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na jambo alilolificha karibu miaka 34.

Mtoto wa pekee

Sayers alizaliwa mjini Oxford tarehe 13 Juni 1893. Baba yake, Mchungaji Henry Sayers, alikuwa mkuu wa shule ya waimbaji wa kanisa kuu la Christ Church. Dorothy akiwa bado mdogo, familia ilihamia kijiji cha Bluntisham, mashariki mwa Uingereza, kwenye nyanda za chini zenye mifereji na mafuriko ya mara kwa mara. Nyumba ilikuwa kubwa, watoto wa kucheza nao hakuna. Akabaki na vitabu.

Baba alianza kumfundisha Kilatini kabla hajatimiza miaka saba. Mwaka 1912 akapata nafasi Somerville, chuo cha wanawake cha Oxford, na mwaka 1915 akamaliza masomo ya lugha kwa daraja la kwanza.

Ila shahada hakupewa. Wakati ule Oxford iliwafundisha wanawake, ikawapa mitihani, ikawasahihishia, lakini shahada ilikuwa ya wanaume tu. Alisubiri hadi 1920 sheria ilipobadilika, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kutunukiwa.

Elimu anayo, hela hana

Baada ya chuo maisha hayakuwa mteremko. Alifundisha shule, akafanya kazi kwa mchapishaji wa vitabu, akaenda Ufaransa, akarudi London. Vitabu viwili vya mashairi alivyotoa havikumlipa cha maana. Riwaya za mauaji ndizo zilizokuwa zinauzika, naye akaamua kujaribu.

Mwaka 1923 ikatoka riwaya yake ya kwanza, Whose Body? Inaanza na maiti ya mwanamume iliyokutwa ndani ya beseni la kuogea, haina nguo hata moja, ina miwani tu puani. Anayeifuatilia kesi ni Lord Peter Wimsey, bwana wa ukoo wa kitajiri, mcheshi, mpenzi wa divai na vitabu vya kale. Ukimtazama juu juu utadhani hana shida yoyote. Ndani yake, vita vya kwanza vya dunia vilimwachia majeraha ya akili ambayo hayakupona.

Baadaye Sayers alieleza kwamba alimpa Wimsey mali nyingi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amefulia, na kumnunulia mtu wa kubuni gari zuri hakukumgharimu kitu.

Mwaka 1922 alipata kazi ya kuandika matangazo ya biashara katika kampuni ya S. H. Benson, London. Huko alishiriki kampeni maarufu ya haradali ya Colman's, iliyobuni klabu nzima ya kuchekesha ya walaji haradali. Alikaa hapo karibu miaka kumi. Ofisi hiyo baadaye ikamzalia riwaya, Murder Must Advertise ya 1933, ambayo mtu anauawa katikati ya watu wanaotunga maneno ya kuuzia bidhaa.

Mimba ambayo ofisini hawakuijua

Wakati jina lake linaanza kusikika, maisha yake ya ndani yalikuwa yanakwenda mrama. Alimpenda mwandishi aliyeitwa John Cournos, ambaye hakutaka ndoa wala watoto. Walipoachana, Cournos akaenda kuoa mwanamke mwingine. Sayers akaingia kwenye uhusiano na Bill White, muuza magari. Akapata mimba, kisha akabaini kwamba White ana mke.

Uingereza ya miaka ile haikuwa na huruma kwa mama asiye na ndoa. Kazi ingepotea, na wazazi wake, mchungaji na mkewe ambao walikuwa wazee tayari, wangeumia sana. Sayers aliomba likizo ya wiki kadhaa kazini akisingizia ugonjwa, akaenda pwani ya kusini. Tarehe 3 Januari 1924 akajifungua mtoto wa kiume.

Alikuwa na binamu yake, Ivy Shrimpton, ambaye pamoja na mama yake walikuwa wakilea watoto wa watu wengine. Sayers alimwandikia akiulizia nafasi kwa mtoto wa rafiki yake. Ivy alipokubali, ndipo akafunguliwa ukweli kwamba huyo rafiki ni Dorothy mwenyewe, na akaombwa asimwambie mtu.

Ivy alifunga mdomo. Wazazi wa Sayers walifariki, baba mwaka 1928 na mama mwaka 1929, bila kujua kwamba wana mjukuu.

Mwaka 1926 Sayers aliolewa na mwandishi wa habari Oswald Atherton Fleming, aliyejulikana kama Mac, mwanamume aliyekuwa ameachana na mkewe wa kwanza. Kulikuwa na matumaini kwamba mtoto angehamia kwao. Haikutokea. Afya ya Mac iliyoharibiwa na vita ilizidi kuwa mbaya, na ndoa ikawa nzito. Baadaye mtoto alipewa jina la Fleming na kuambiwa kwamba ameasiliwa. Sayers alilipa gharama zake zote, akamwandikia barua, akafuatilia masomo yake mpaka akaingia chuo cha Balliol, Oxford. Lakini hakuwahi kuishi naye nyumba moja.

John Anthony aligundua ukweli alipohitaji cheti cha kuzaliwa ili apate pasipoti. Ni karatasi iliyosema, si mama.

Riwaya zisizohubiri, ila zina dhambi

Hapa ndipo wasomaji wa riwaya za Kikristo wanapokuwa na cha kujifunza kwa Sayers. Hakumfanya Wimsey kuwa mlokole. Mpelelezi huyo si mtu wa kanisani sana, na kitabu hakiishii kwa muuaji kupiga magoti na kuokoka. Sayers aliamini kwamba hadithi mbovu haiwi nzuri kwa sababu tu imejaa maneno ya dini. Kwake, seremala Mkristo anamtumikia Mungu kwanza kwa kutengeneza meza isiyoyumba, na mwandishi vivyo hivyo.

Mwaka 1930 waandishi wa riwaya za upelelezi waliunda chama chao London, Detection Club. Rais wa kwanza alikuwa G. K. Chesterton, aliyembuni Padri Brown, na miongoni mwa wanachama alikuwamo Padri Ronald Knox. Mwanachama aliapa kwamba mpelelezi wake atatatua kesi kwa akili yake, bila kutegemea ufunuo kutoka mbinguni wala bahati nasibu. Yaani watu wa dini walikaa meza moja na wasio na dini, wakakubaliana kuwa Mungu asitumiwe kuziba mashimo ya hadithi. Sayers mwenyewe aliongoza chama hicho kuanzia 1949 hadi kifo chake.

Basi imani ilikaa wapi? Ilikaa kwenye dhamiri za watu wake. Katika Unnatural Death ya 1927 yupo Miss Climpson, bibi wa makamo asiyeolewa, mwenda kanisani hasa, ambaye Wimsey humtumia kukusanya habari kwa sababu hakuna anayemshuku mwanamke wa umri huo mwenye maswali mengi. Siku moja anaokota karatasi kanisani. Ni orodha ambayo mtu ameiandika kujiandaa kwa maungamo. Ndani yake huenda kuna ufunguo wa kesi ya mauaji, lakini kusoma maungamo ya mwenzako ni kosa zito. Asome au asisome? Mvutano huo unashika moyo kuliko risasi kumi.

Katika The Nine Tailors ya 1934, Sayers alirudi kwenye nyanda za utotoni. Maiti isiyojulikana inakutwa ndani ya kaburi la mtu mwingine. Mchungaji wa kijiji, mzee mwema na msahaulifu, anaendelea kupiga kengele, kuzika na kubariki huku polisi wakihangaika. Mafuriko yanapokuja, kijiji kizima kinajihifadhi kanisani. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu chake bora.

Halafu ipo Busman's Honeymoon ya 1937, riwaya ya mwisho ya Wimsey aliyoikamilisha. Vitabu vingi vya aina hii hufungwa pale muuaji anapotiwa pingu. Sayers alikwenda mbele zaidi, hadi asubuhi ya kunyongwa. Wimsey, ambaye ndiye aliyemfikisha mtu yule kitanzini, anashindwa kuvumilia na kulia mikononi mwa mkewe. Haki imetendeka, lakini bado mtu anakufa. Sayers hakutaka msomaji aisahau gharama hiyo.

Yesu redioni, moto ukawaka

Kuanzia mwaka 1937 Sayers aligeukia tamthilia. Aliandikia kanisa kuu la Canterbury mchezo wa The Zeal of Thy House, unaohusu fundi mkubwa wa ujenzi anayeangushwa na kiburi chake. Kisha BBC wakamwomba tamthilia za redio kuhusu maisha ya Yesu.

Aliandika 12, zilizorushwa kati ya Desemba 1941 na Oktoba 1942 kwa jina la The Man Born to Be King. Mitume wakazungumza kama watu wa mtaani, na sauti ya Yesu ikatoka kwa mwigizaji. Kabla hata kipindi cha kwanza hakijasikika, vyama vya kidini vilianza kampeni ya kuupiga marufuku mfululizo huo, na suala likafika bungeni. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942, wapo waliosema hiyo ni adhabu ya Mungu kwa sababu ya tamthilia hizo.

Sayers hakurudi nyuma. Alishikilia kwamba waliomsulubisha Yesu walikuwa watu wa kawaida kabisa wenye hofu, siasa na maslahi yao, na kuwavisha lugha ya kale ni kuificha dhambi yenyewe. Jicho la mwandishi wa mauaji lilikuwa kazini. Wasikilizaji wengi wakaguswa. C. S. Lewis, mwandishi wa Narnia, alikuwa akizisoma tamthilia hizo kila Juma Takatifu.

Mwaka 1943 Askofu Mkuu wa Canterbury, William Temple, alitaka kumtunuku shahada ya udaktari wa theolojia. Ilikuwa heshima kubwa mno kwa mwanamke. Sayers akaikataa kwa adabu, akijiona si Mkristo wa mfano. Baadhi ya walioandika maisha yake wanahisi kijana wa Balliol alikuwa nyuma ya uamuzi huo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1944, mabomu yakiilenga Uingereza, alichukua kitabu cha Dante akielekea kwenye handaki la kujificha. Hakuweza kukiweka chini. Alijisomea Kiitaliano na kuanza kutafsiri. Sehemu ya Jehanamu ilitoka 1949, na ya Toharani 1955. Ya Peponi hakuimaliza. Rafiki yake Barbara Reynolds aliikamilisha.

Mume wake alifariki mwaka 1950. Tarehe 17 Desemba 1957 Sayers alitoka London kununua zawadi za Krismasi, akarudi nyumbani kwake Witham, Essex. Moyo ukasimama ghafla. Alikuwa na miaka 64.

Wosia ulimpa kila kitu John Anthony. Hata hivyo, umma ulikuja kuambiwa kwamba huyo ni mwanawe wa kumzaa mwaka 1975, kitabu cha maisha yake kilipochapishwa.

Wapo waliomwita mnafiki. Lakini vitabu vyake havikuwahi kudai kwamba waumini hawaanguki. Vilisema kila tendo lina gharama na kila gharama ina wa kuilipa. Katika maisha yake, sehemu ya gharama hiyo aliilipa mtoto.

Wa kuanzia

Msomaji mgeni anaweza kuanza na The Nine Tailors, ila awe na subira na kurasa za kengele. Anayetaka mapenzi ndani ya upelelezi aanze na Strong Poison ya 1930, ambamo Wimsey anampenda mwanamke aliyeko kizimbani kwa kesi ya kumuua mpenzi wake wa zamani kwa sumu. Na anayetaka swali la dhamiri lisilo na jibu rahisi, Miss Climpson anamsubiri na ile karatasi mkononi.