Imam Ghazali na Wasii wa Baba Yake

Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 450 wa Hijra (1058) katika Tus, mji wa Khurasani, upande ambao leo ni wa Iran. Wengi humjua kwa kitabu chake cha Ihya. Wachache hukumbuka ya kuwa alikuwa yatima, akalelewa na mtu asiyekuwa wa nasaba yake.

Baba yake alikuwa masikini, akisokota sufi na kuiuza dukani mwake. Alipoona mauti yamekaribia, alimuusia rafiki yake, mtu wa tasawwuf, wanawe wawili, Muhammad na Ahmad. Alikuwa na majuto makubwa kwamba yeye hakujifunza kuandika, akataka lililompita walipate wanawe, hata kama yote atakayoyaacha yatakwisha katika kuwasomesha.

Wasii akawasomesha mpaka fedha ile kidogo ikamalizika, naye ni fakiri, hana cha kuongeza. Hapa ndipo penye jambo la kutazamwa. Wako walezi huzuia mali ya yatima hata akaota ndevu, na wako humtoa mlangoni siku anayobaleghe, wakidhani amana imekwisha. Mtu huyu hakufanya hili wala lile. Aliwaambia wazi ya kuwa kilichokuwa chao amekwisha kitumia kwa ajili yao, na ya kuwa yeye hana mali ya kuwasaidia. Kisha akawaonyesha pa kwenda: waingie madrasa, wawe miongoni mwa wanafunzi, wapate chakula chao huko. Katika madhehebu ya Shafii, yatima hukabidhiwa mali yake akibaleghe na akionekana ana rushdi, yaani utengenevu katika dini na katika kutumia mali. Vijana hawa hawakuwa na mali ya kukabidhiwa. Walichokabidhiwa ni hesabu ya kweli na njia ya kupita.

Wakaingia kwa ajili ya chakula. Imam mwenyewe baadaye alikiri ya kuwa waliitafuta elimu kwa lisilokuwa la Mungu, na elimu ikakataa kuwa ila ya Mungu. Alisoma Tus, kisha Jurjan, kisha Naisabur kwa Imam al-Haramayn al-Juwayni, mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Mwaka 484 (1091) waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha kufundisha katika Nizamiyya ya Baghdad, naye ana miaka 34 kwa hesabu ya Hijra. Ahmad naye akawa mtoaji mawaidha mashuhuri.

Mwaka 488 (1095) aliiacha Baghdad na jaha yake, akagawa mali aliyokuwa nayo, ila alibakisha kadiri ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Aliyeuonja uyatima hakuifanya zuhudi yake kuwa mzigo wa watoto.

Mwishowe alirudi Tus, akajenga kando ya nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makazi ya watu wa tasawwuf. Alifariki mwezi 14 Jumadal Ukhra 505 (Desemba 1111). Aliacha mabinti, na aila yake ilikuwa na cha kuitosha.