Bibi Jeanne Power, Mshonaji Aliyewatazama Viumbe wa Majini

Wasomaji wenzangu, huku kwetu Ryansoro, katika milima ya Gitega, habari za ziwa kubwa twazisikia kwa wanaoshuka Bujumbura. Kwa hiyo nilipopewa samaki mmoja wa bwawani, perege asiyezidi urefu wa kidole, nilimtia katika chupa pana ya kioo nikamtunza kama mgeni. Siku ya nne akaanza kupanda juu ya maji, akihema, mdomo wazi. Mkia wake ulikuwa umechanika, na penye jeraha paliota nyuzi nyeupe kama pamba. Nikadhani ana njaa, nikamwongezea ugali. Akazidi kudhoofika.

Nilimwendea mwalimu wetu wa sayansi kuomba dawa. Yeye aliniuliza kwanza nimemtazama samaki wangu kwa muda gani. Nikanyamaza. Ndipo akanipa habari za Bibi Jeanne, nami nawapa ninyi kama nilivyozipata.

Jeanne Villepreux alizaliwa mwaka 1794 katika kijiji cha Juillac, Ufaransa. Wazazi wake hawakuwa matajiri, wala yeye hakusoma shule za juu. Alipopata umri wa miaka 18 alikwenda kwa miguu mpaka Paris, safari ya zaidi ya kilomita 400, akajifunza ushonaji. Alikuwa hodari, hata mwaka 1816 akashona nguo ya arusi ya binti wa kifalme. Mwaka 1818 aliolewa na mfanya biashara, James Power, wakakaa Messina, katika kisiwa cha Sicily.

Huko alianza kujifunza mwenyewe habari za mimea na wanyama. Kiumbe kimoja kilimshughulisha sana, nacho ni argonauta, aina ya pweza mdogo ambaye jike lake hukaa ndani ya kombe jeupe, jembamba kama karatasi. Wenye elimu walibishana. Wengine walisema kombe lile ni la mnyama mwingine, na pweza huyu ni mwizi tu, kama kaa anayehamia katika kombe la konokono aliyekufa. Lakini wengi wao waliwajua pweza hao kwa kuwaona wamekufa, wamelala katika chupa za dawa.

Bibi Jeanne aliwataka walio hai. Mwaka 1832 alitengeneza sanduku la kioo, akalijaza maji ya bahari, akawatia humo. Alitengeneza pia vizimba vya kuzamishwa baharini. Kisha akafanya jambo la ajabu: alivunja kipande cha kombe, akakaa kutazama. Pweza hakukimbia kutafuta kombe jingine. Alitanua ngozi pana iliyo katika mikono yake miwili, akaifunika tundu, akaliziba. Bibi akatazama na mayai pia, akaona watoto huzaliwa bila kombe, kisha hujijengea wenyewe. Basi ikathibitika kwamba pweza yule si mwizi, bali ni fundi.

Mwaka 1838 msiba ulimpata. Merikebu iliyochukua maandishi yake na vitu alivyokusanya kwa miaka mingi ilizama. Hata hivyo habari za kazi yake zilikuwa zimekwisha kufika mbali, na mwaka 1839 Richard Owen, mtaalamu mkubwa wa Uingereza, alizieleza mbele ya chama cha elimu ya wanyama huko London. Mshonaji akasikilizwa na mabwana wenye elimu. Alifariki mwaka 1871 katika kijiji chake cha Juillac, baada ya kuikimbia Paris iliyozingirwa na majeshi ya Wajerumani. Mwaka 1997 shimo moja kubwa katika sayari ya Zuhura lilipewa jina lake.

Niliposikia hayo nilirudi kwenye chupa yangu, nikaketi nikatazama. Sasa niliona nisichokiona kwanza: ugali ulikuwa umeoza chini, maji yananuka, na samaki alipanda juu kwa kukosa hewa, wala si kwa njaa. Chakula changu ndicho kilichokuwa kikimwua! Nikatoa uchafu wote. Kila siku nilibadili theluthi moja ya maji, nikitumia maji ya chemchemi yaliyolala chumbani yasiwe baridi, na katika kila lita 4 nilitia kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Chakula nikampa kidogo sana.

Siku chache baadaye aliacha kuhema. Nyuzi zile zikaisha, na baada ya majuma machache mkia ukaanza kuota tena, mwembamba, unapitisha nuru kama kioo.

Nimejifunza kwamba huruma peke yake si dawa. Nilimpenda samaki wangu, na karibu nimwue kwa mapenzi. Bibi Jeanne hakuwa na cheo wala shahada. Alikuwa na macho na subira, na vitu hivyo hata sisi wa milimani tunavyo.