Sahihi ya Barghash na Watumwa wa Mafia

Asimamaye Ras Kisimani huutazama mlango wa bahari uitengao Mafia na delta ya Rufiji. Hiyo ndiyo njia ya majahazi yaliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Unguja yakiwa yamesheheni watumwa. Mafia nayo iliwapokea wengi, wakatumikishwa katika mashamba ya minazi. Aliyelazimika kuipiga marufuku biashara hiyo ni Sayyid Barghash bin Said, na maisha yake yana funzo kwetu.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua nduguye, Sayyid Majid, akashindwa na kupelekwa Bombay. Oktoba 1870 alishika utawala. Mwanzoni mwa 1873 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka aikomeshe biashara ya watumwa, naye akakataa. Ndipo balozi John Kirk alipomtishia kwamba manowari zingekizingira kisiwa chake. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi, na soko la Unguja likafungwa. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa huko bara.

Hatumwiti mkombozi, kwani alishurutishwa. Lakini waliomshurutisha nao waliridhika na sahihi. Utumwa wenyewe haukuguswa: aliyekwisha nunuliwa alibaki mali ya bwana wake.

Barghash aliuletea mji wa Unguja maji safi, akajenga Beit el Ajaib mwaka 1883. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziliipunguza milki yake, zikimwachia Mafia miongoni mwa visiwa vyake. Alifariki Machi 1888.

Tarehe 1 Julai 1890 madola hayo mawili yalipatana tena, na Mafia ikaangukia Ujerumani. Siku iliyofuata, mjini Brussels, madola yale yale yaliungana na mengine kutia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Hata hivyo Wajerumani hawakuufuta utumwa. Unguja na Pemba ulifutwa kisheria mwaka 1897. Mafia, pamoja na Tanganyika yote, ilingoja hadi 1922. Ni miaka 49 tangu sahihi ya Barghash.

Tabia hiyo haikufa pamoja na ukoloni. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa uliupitisha mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari. Aprili 1994, Watutsi wakichinjwa nchini Rwanda, Baraza la Usalama la umoja huo huo liliamua kupunguza askari wake huko hadi 270.

Nasi tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Viongozi wetu hawana budi kuifikisha gatini na vijijini, wahoji ni nani anayemchukua mtoto kwa ahadi ya kazi, na anampeleka wapi. Wananchi nao wasinyamaze waonapo jambo hilo. Babu zetu wa Mafia walikaa utumwani miaka mingi huku mikataba ikiwa imekwisha tiwa sahihi. Haifai watoto wetu wangojee vivyo hivyo.