Ohm, mutoto wa fundi wa kufuli

Kila fundi wa umeme anayeshuka mu mine anaijua ile alama iliyo kama pete iliyokatika chini. Iko juu ya kipimo, iko mu karatasi za moteri, tunaisoma kila siku: ohm tatu, ohm mia. Juzi tuliuliza vijana wa atelie Ohm ni nini. Wengi walijibu ni jina la kipimo tu. Hapana, bandugu. Ohm alikuwa mutu, na alifanya kazi chini ya wakubwa kama sisi.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 mu muji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli, mutu wa tupa na nyundo. Masomo ya juu hakupata, lakini alijifundisha hesabu yeye mwenyewe mpaka akaweza kufundisha watoto wake. Watoto walizaliwa saba, wakabaki watatu. Mama alikufa Georg akiwa na miaka kumi. Mu ile nyumba mutoto alishika tupa na kitabu pamoja, na sisi tunasema wazi: bila ile tupa hakuna sheria ya Ohm. Mutaona.

Mwaka 1805 aliingia iniversite ya Erlangen. Kule, badala ya vitabu, akawa mutu wa kucheza dansi, biliyari, na kuteleza juu ya barafu. Baba alikasirika, akamutoa baada ya mwaka mumoja na nusu, akamutuma Uswisi kufundisha hesabu. Wazazi munaosoma hapa munaijua ile hasira: unakula bukari na sombe mwezi muzima kusudi mutoto asome, kisha unasikia iko anacheza tu. Lakini mutoto alisikia. Alirudi, na mwaka 1811 akapata dokta yake. Kisha ikawa miaka mingi ya kufundisha huku na kule kwa mushahara mudogo, mpaka mwaka 1817 alipopata kazi mu masomo ya sekondari ya Cologne, ambako kulikuwa chumba cha vyombo vya fizike.

Hapa njo kazi yenyewe ilianza. Ohm alitaka kujua kitu kimoja: ukiongeza urefu wa waya, umeme unapungua namna gani? Leo unachukua kipimo mu kabati. Yeye hakuwa nacho, kwa sababu hakuna mutu aliyekuwa anauzisha kipimo kama hicho. Mwaka 1820 Ørsted wa Danemark alikuwa ameonyesha kwamba waya wenye umeme unageuza sindano ya sumaku. Basi Ohm akajitengenezea chombo kwa mukono wake. Alining'iniza sindano kwa kawaya kembamba ka dhahabu kalichopigwa kakawa bapa. Umeme ukivuta sindano, yeye anazungusha kifundo cha juu mpaka sindano irudi pale ilipokuwa, kisha anasoma amezungusha kiasi gani. Ile ni kazi ya mutoto wa fundi wa kufuli, ya kukata chuma mpaka kikae sawasawa.

Mara ya kwanza alikosea, na kosa lake linatufaa sisi kuliko ushindi wake. Alitumia pile ya wakati ule, zinki na shaba mu maji ya asidi. Kila mara alipofunga waya, nguvu ya pile ilishuka mara moja. Akiacha kidogo, inarudi. Alipima, akapima, akaandika formule mwaka 1825, na ile formule haikuwa ya kweli. Sindano ilikuwa nzima na waya ulikuwa muzima. Kilichokuwa kinadanganya ni ile pile.

Poggendorff, aliyesimamia gazeti la wafizike ambamo Ohm alikuwa anaandika, alimupa shauri: acha ile pile, tumia umeme wa joto. Seebeck alikuwa amegundua kwamba ukiunga metali mbili, ukapasha kiungo kimoja moto na kingine ukakiweka mu baridi, umeme unatembea. Ohm akaunga bismuti na shaba, kiungo kimoja mu maji yanayochemka, kingine mu barafu inayoyeyuka. Umeme ule ni mudogo sana, lakini hautikisiki, kwa sababu maji yanayochemka na barafu inayoyeyuka havibadilishi joto lao. Kisha akachukua nyaya nane za unene mumoja, ya kwanza inchi 2, ya mwisho inchi 130. Nyaya za shaba, bandugu. Haikuwa shaba ya Katanga, lakini ni kitu kile kile tunachotoa mu shimo.

Mwaka 1826 hesabu ikakaa. Umeme unaotembea ni nguvu ya chanzo, gawanya kwa uzuizi wote. Tunakaza: wote. Si uzuizi wa waya wa inje tu, hata ule ulio mu tumbo la chanzo. Chukua pile ya volti 6 na waya wa ohm 3: utapata ampere 2. Lakini kama pile imezeeka, iko na ohm 3 zingine ndani yake, utapata ampere 1 tu. Waya haukubadilika hata kidogo.

Ju ya nini tunarefusha hapa? Mu atelie moja tuliyofanya kazi kulikuwa kipimo cha zamani cha sindano, kizuri, kigumu kama jembe. Kipimo cha namna ile, ukipima ohm, kinatumia pile iliyo ndani yake. Kila mara, kabla ya kupima, unagusanisha ncha mbili, unazungusha kifundo mpaka sindano ifike ku ziro. Ikikataa kufika, pile imekwisha. Siku ile mapile yalikuwa yamekufa, tuliomba mengine, jibu lilikuwa ngoja. Mwenzetu alipima kamba ya pompi kama inavuja umeme ku ardhi. Sindano haikusogea. Kapita aliona sindano imelala, akasema kamba ni nzima. Lakini kipimo kilichokufa na kamba nzima vinaonyesha kitu kile kile: sindano imelala. Kamba ilikuwa imepasuka. Kijana aliyeishika alitupwa chini, na mukono wake wa kuume haukurudi sawa. Mu raporti waliandika ni kosa lake.

Turudi kwa Ohm. Alipewa mwaka wa kupumzika kazi, kwa nusu mushahara, aende Berlin kuandika. Kitabu kilitoka mwaka 1827. Alitumaini kitamufungulia mulango wa iniversite. Kumbe wakubwa wa kule walikuwa watu wa falsafa, waliona mwalimu anayepima nyaya hana kitu cha kuwafundisha, na mumoja wao alikichafua kitabu kizima mu gazeti. Mwaka 1828 Ohm aliacha kazi ya Cologne. Miaka mitano akaishi kwa kufundisha huku na kule, mpaka Nuremberg ikamupa kazi mwaka 1833.

Mu uandishi wa haki tuseme pia kwamba Cavendish, tajiri wa Uingereza, aliona karibu jambo lile lile miaka 40 na zaidi mbele yake. Yeye alijipitishia umeme mu mwili, akilinganisha namna ulivyomupiga. Lakini aliacha karatasi zake bila kuzitoa, zikachapwa mwaka 1879. Ohm alitoa zake.

Waingereza walimuheshimu: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimupa medali ya Copley. Kiti cha profesa wa fizike ku Munich, ile aliyoitamani tangu ujana, alikipata mwaka 1852. Alikikalia miaka miwili, akafa tarehe 6 mwezi wa saba 1854.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa inchi mingi walikutana Paris, wakakubali jina lake liwe kipimo cha uzuizi, pamoja na volti na ampere.

Ile atelie ilipata mapile yake, kisha miezi miwili ya barua za sendika.